Uzi wa Twin Peaks kwa sisi wa Kusini: kumtaja muuaji hakukuwa kosa, kosa ni walivyomsahau Laura

MwanaShangani (mleta mada)

Wakuu, salaam kutoka Mtwara.

Onyo kabla ya yote: uzi huu unamtaja muuaji, tena mapema. Kama hujaitazama Twin Peaks na unataka kuitazama kwa raha zako, ishia hapa, ukimaliza urudi. Uzi hauhami.

Sisi wachache hapa Shangani tumekuwa tukiirudia tangu David Lynch alipofariki Januari 2025. Laptopu tunaiunganisha na televisheni ya sebuleni, ming'oko ya kuchemsha na pilipili yake, kahawa chungu kwa wanywaji, na umeme ukikatika tunabishana gizani mpaka urudi. Ubishi huo ndio ulionileta huku, kwa sababu safari hii nimeona kitu ambacho zamani kilikuwa kinanipita.

Kwa wageni, kwa kifupi. Ni tamthilia ya Marekani iliyotungwa na David Lynch na Mark Frost, ikaanza kurushwa na ABC tarehe 8 Aprili 1990. Wakati huo huku bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, sisi tukasubiri mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo wengi wetu tuliijua kwa kanda, baadaye DVD, baadaye flashi za kupeana. Msichana wa sekondari, Laura Palmer, anaokotwa ufukweni mwa mto amekufa, kaviringishwa kwenye nailoni. FBI wanamleta mpelelezi Dale Cooper, mtu wa kahawa na pai ya cheri, anayeziamini ndoto zake sawa na anavyoamini ushahidi wa maabara. Jumla ni episodi 30 katika misimu miwili, ikafungwa Juni 1991. Ikaja filamu mwaka 1992, kisha kimya kirefu, halafu mwaka 2017 wakarudi na episodi 18 ambazo Lynch aliziongoza zote.

Sasa hoja yangu. Sote tumekaririshwa kwamba tamthilia hii ilikufa siku walipomtaja muuaji. Lynch mwenyewe alilisema hilo kwa miaka mingi: hawakutaka kumtaja, kituo kikawabana, wakamtaja tarehe 10 Novemba 1990, watazamaji wakakimbia. Mimi sikubali tena. Episodi ile ndiyo bora kuliko zote. Leland, baba yake Laura, ambaye ndiye muuaji, anajitazama kwenye kioo, anamwona BOB, pepo mwovu aliyemwingia, akimtazama, anajiweka tai sawa. Santuri imekwisha, sindano inakwaruza, inazunguka tu. Kisha Maddy, binamu wa Laura, anashuka ngazi na kuingia sebule ileile, na kinachomkuta humo kinaonyeshwa bila haraka na bila huruma kwa mtazamaji. Nani atasema hilo lisingeonyeshwa?

Kilichoiua ni matanga. Leland anafia mahabusu, na episodi inayofuata inafunguka na maandishi: siku tatu baadaye. Tuko nyumbani kwa akina Palmer. Cooper anasema na Mama Laura maneno machache ya faraja, mazuri kweli. Baada ya hapo wageni wamejaa na sahani mkononi, meya na ndugu yake, wazee wazima, wanagombana mambo yao ya zamani mpaka wanaamuliwa, na Cooper anaaga watu kana kwamba shughuli imeisha. Kuanzia hapo tunapelekwa kwa James, kijana aliyekuwa mpenzi wa siri wa Laura, na pikipiki yake kwenye jumba la mwanamke tajiri, kwa Nadine aliyerudi sekondari na nguvu za ajabu, kwa Ben Horne anayejiona jenerali wa vita ya zamani. Jina la Laura linasikika kwa nadra. Mazishi ya Maddy hata hatuonyeshwi.

Huku kwetu siku ya tatu matanga yanaanuliwa kwa dua, na bado arobaini inangojewa. Katikati hapo ndipo watu wanaulizana yale mazito: nani alijua, nani aliona, kwa nini alinyamaza. Mji ule haukuulizana. Waandishi walidhani fumbo lilikuwa jina la muuaji, na jina lilipopatikana wakaona hawana tena kazi na marehemu. Nakaribisha wanaopinga.

MzeeWaKilwa

Mleta mada, umeandika vizuri, ila mimi napinga. Nilianza kuiona kwa kanda za kuazima, na ninakwambia swali lile ndilo lililokuwa linatukusanya. Ukishajibu swali, mtu anachukua kandambili zake anakwenda kulala. Halafu unasahau mambo ya kituo chenyewe: msimu wa pili waliupeleka Jumamosi usiku, saa ambayo vijana waliokuwa wanaipenda hawako nyumbani. Lynch naye alikuwa amepunguza mkono wake. Ukitoa swali, ukatoa siku nzuri, ukatoa na mwenye maono yake, unabaki na nini? Hata mngekaa matanga mwezi mzima isingesaidia.

MwanaShangani

Mzee wangu, shikamoo. La Jumamosi nakubali, na la Lynch kupunguza mkono nakubali. Lakini hebu rudi kwenye mazishi ya Laura, msimu wa kwanza. Bobby, yule kijana mkorofi aliyekuwa mpenzi wake, anapaza sauti kaburini: mnataka kujua nani kamuua Laura? Ninyi! Sote! Kwamba kila mtu pale alijua binti yuko kwenye shida na hakuna aliyefanya kitu. Kisha Leland anajirusha juu ya jeneza, mashine ya kushushia inagoma, jeneza linapanda na kushuka naye akiwa juu. Watu wanalikumbuka hilo la jeneza kwa sababu linachekesha na kutisha kwa pamoja, wanamsahau Bobby. Mimi pia nilikuwa namsahau. Swali kubwa liliulizwa mapema kabisa, tena hadharani, na lilikuwa zito kuliko jina la mtu mmoja.

Binti_Mikindani

Mzee wa Kilwa shikamoo, mleta mada habari za Shangani.

Mimi naomba tumzungumze Mama Laura, maana kila uzi wa tamthilia hii ni Cooper na kahawa yake. Episodi ya kwanza kabisa. Mama anamwita mwanawe aamke aende shule, haitiki. Anapanda ngazi, feni ya dari inazunguka pale juu, chumba kitupu. Anapiga simu huku na huku, mwishowe anampata mumewe hotelini, yuko kazini. Wakiwa bado kwenye simu, Leland anamwona sherifu anaingia. Mkono wa simu unamtoka. Kamera inashuka taratibu na waya wa simu, na kwenye kile kipande kinachoning'inia tunamsikia mama anapiga yowe. Hakuna aliyemwambia kitu. Kajua.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mama aliyefiwa na mtoto anajua yowe lile halikuwa la kuigiza kwa uvivu. Grace Zabriskie, aliyemwigiza, ndiye nguzo ya episodi ile. Feni ninyi mnaiona kama mapambo. Itazameni tena, kila inapozunguka kuna jambo nyumba ile inalificha. Mwaka 2017 Hawk, naibu wa sherifu, anamwendea mama yule mlangoni, miaka 25 imepita, yuko peke yake na pombe yake na televisheni yake, na feni bado inasikika ndani.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada. Mji uliokwenda zake siku ya tatu ulimwacha mwanamke huyo miaka 25 ndani ya nyumba hiyo.

Newala_Juu

Nimesoma kimyakimya tangu juzi, leo lazima niseme. Mnaongea habari ya mji uliojua na kunyamaza, na hamjamgusa BOB vya kutosha.

Mtu aliyekulia uwanda wa Makonde hawezi kumtazama BOB bila kukumbuka mapiko, ngoma yetu ya vinyago. Mchezaji anatoka amefunikwa mwili mzima, kichwani kinyago cha mti mwepesi, meno yamechongwa, nywele zimebandikwa, na wanawake na watoto wanaambiwa huyo si mtu, huyo ni mzimu kaja. Waliopita jando wanajua nani yumo. Hatua zake wanazijua, hata namna anavyotikisa bega wanaijua. Lakini hakuna anayetaja jina. Siri hiyo ni ya heshima, ina shule yake na wakati wake, siifananishi na uchafu wa Leland. Nasema tu kwamba mtazamaji wa kwetu hahitaji kuelezwa inawezekanaje sura mbili zikae mwili mmoja na kijiji kizima kiishi na jambo hilo.

Na mnajua BOB alipatikanaje? Frank Silva hakuwa mwigizaji wa tamthilia hiyo. Alikuwa fundi wa kupanga vitu kwenye seti. Alikuwa anasogeza samani chumbani kwa Laura, Lynch akamwambia hebu jikunje pale mwisho wa kitanda, wakampiga picha bila kujua itatumika wapi. Baadaye siku hiyo wakapiga picha Mama Laura akishtuka na kupiga yowe. Mpiga picha akasema imeharibika, kuna mtu kaonekana kwenye kioo. Lynch akauliza nani. Frank. Akaona hapohapo kwamba hilo si kosa, ndiye huyo anayetafutwa. Jitu linaloogopwa dunia nzima liliingia kupitia kioo bila kuandikwa na mtu. Mimi nikikumbuka hilo nywele zinanisimama.

Binti_Mikindani

Kaka wa Newala, la mapiko limenifungua macho, ahsante. Lakini kwenye BOB mimi nasimama mbali nawe kidogo.

Kazi yangu inanikutanisha na kesi za watoto, sitasema zaidi. Maneno "shetani kanipitia" nimeyasikia mpaka yamenichosha. Mzee anayasema, ndugu wanaitikia, wanakaa kikao, wanayamaliza nyumbani. Mtoto hakuitwa kwenye kikao.

Sasa tazama kifo cha Leland. BOB kamtoka, maji ya kuzimia moto yanamwagika kutoka darini, Cooper kampakata, anamsemesha kwa upole, anamwelekeza kwenye nuru, Leland anasema anamwona Laura. Nililia mara ya kwanza, nami si mtu wa kulia ovyo. Nilipoitazama tena nikajiuliza: Laura alipakatwa na nani? Baada ya hapo wanaume wanasimama nje porini wanajadili kama BOB alikuwepo kweli. Cooper anamuuliza sherifu kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu anaweza kumbaka na kumuua mwanawe wa kumzaa. Albert, mwenzake Cooper wa FBI, anasema labda BOB ni jina tu la uovu unaotendwa na wanadamu. Hapo waandishi walikuwa wameshika penyewe. Wangekaa hapo. Wangemleta Mama Laura kwenye mazungumzo yale. Badala yake tukapelekwa kwa James.

Lindi_Mjini

Mimi nimepita kusema muziki. Angelo Badalamenti aliwahi kusimulia: Lynch alikaa pembeni yake kwenye kinanda, akawa anamweleza kwa sauti ya chini, tuko msituni usiku, kuna upepo, kuna bundi, sasa anatokea msichana kati ya miti, ana huzuni, anakuja. Badalamenti anapiga kadiri anavyosikia. Anapanda pale msichana anapokaribia, anashuka anapoondoka. Walipomaliza Lynch akamwambia usibadilishe hata noti moja. Huo ndio wimbo wa Laura. Badalamenti alifariki Desemba 2022. Usiku ukikaa ufukweni hapa Lindi ukaufungulia kwa sauti ndogo, maji yakiwa yametulia, hutasema ni muziki wa milima ya jimbo la Washington.

Na bundi hao! Cooper anaambiwa na lile jitu refu linalomtokea kwamba bundi sivyo wanavyoonekana, Wamarekani wakaandika vitabu kufafanua. Bibi yangu angemaliza kwa neno moja, angetoka nje kumfukuza.

MwanaShangani

Binti wa Mikindani, umesema nililokuwa nalitafuta. Laura alipakatwa na nani.

Nadhani Lynch naye alijiuliza, ndiyo maana filamu ya 1992, Fire Walk with Me, ikatoka vile. Watu waliingia wakitaka Cooper na pai, wakapewa siku saba za mwisho za Laura, wakachukia. Ilipokelewa vibaya kweli. Lakini hiyo ndiyo arobaini yenyewe, imechelewa ila imesomwa. Sheryl Lee aliajiriwa mwanzo kulala tu kama maiti, Lynch alipoona uwezo wake akampa na nafasi ya Maddy, na kwenye filamu hii hatimaye Laura anapewa uhai wake wote. Anacheka, anadanganya, anaogopa, anampenda rafiki yake Donna kiasi cha kumkataza asimfuate gizani.

Sehemu ninayoitazama nikiwa nimekunja ngumi ni meza ya chakula. Leland anamwambia Laura hajanawa mikono. Anamshika kidole, anaangalia kucha, anaendelea kumbana. Mama Laura anasema mwache, hapendi. Leland anageuka kumuuliza amejuaje anachopenda. Pale mezani hakuna BOB, hakuna pazia jekundu la ndoto za Cooper, hakuna watu wa humo wanaosema maneno kinyumenyume. Ni baba, mama, mtoto na chakula kinachopoa. Mama anaona. Anasema kidogo, anaishia hapo.

Mzee wa Kilwa, nieleze: mtu akishaiona meza ile, bado anaweza kusema tamthilia ilihitaji fumbo la jina ili iendelee?

MzeeWaKilwa

Marahaba nyote. Meza ile siibishi, inauma. Lakini wewe unatetea filamu, mimi nilikuwa nazungumzia tamthilia ya kila wiki, na hizo ni kazi mbili. Kila wiki mtu anahitaji kitu cha kumrudisha.

Nami niwakumbushe episodi ya mwisho, ile Lynch aliyorudi kuiongoza mwenyewe. Mnaisahau kwa sababu ya yale ya James. Cooper ndani ya vyumba vya mapazia mekundu, anakimbia toka kimoja hadi kingine. Laura anamwambia watakutana tena baada ya miaka 25. Na mwaka 2017, takriban muda huohuo, wakakutana kweli, waigizaji walewale na mvi zao. Catherine Coulson, aliyeigiza yule mama wa gogo anayetembea amelipakata gogo lake, aliigiza sehemu zake akiwa mgonjwa mahututi na akafariki Septemba 2015, kabla hazijarushwa. Anamwambia Hawk kwenye simu kwamba anakufa. Anaaga kweli. Kwangu huo nao ni msiba uliokaliwa vizuri. Hamkuwaona wale waliokusanyika ofisini kwa sherifu kupewa taarifa, walivyosimama?

Binti_Mikindani

Hapo umenishika, mzee. Nimewaona.

Mgeni_Nachingwea

Samahani wakubwa zangu, shikamooni. Mimi sijawahi kuiona hata moja na nimeshasoma uzi wote, muuaji nimeshamjua, basi. Nauliza: naanzia wapi? Naweza kuruka hizo za James nikaenda moja kwa moja kwenye filamu? Bando langu si kubwa.

MwanaShangani

Marahaba, karibu. Kumjua muuaji hakukuharibii chochote, pengine kutakufanya umtazame Leland toka dakika ya kwanza, jambo ambalo sisi hatukulipata. Mimi ningesema: tazama mpaka Leland afe, tazama ile ya siku tatu baadaye uone ninachokisema, kisha ingia kwenye filamu.

MzeeWaKilwa

Usimpoteze kijana. Kwenye filamu Annie, mpenzi wa Cooper wa msimu wa pili, anamtokea Laura kitandani na ujumbe kuhusu Cooper, na ujumbe huo huuelewi kama hujamaliza msimu wa pili. Mgeni anatazama kwa mpangilio waliotoa: misimu miwili, filamu, kisha zile 18. Anayerudia ndiye anaweza kurukaruka. Kama bando linasumbua, tafuta mwenye flashi, Nachingwea hawakosekani.

MwanaShangani

Kwa mgeni, mzee yuko sahihi. Fuata mpangilio wake. Sisi huku Ijumaa tunaingia kwenye filamu, walio karibu na Shangani nitumieni ujumbe. Ming'oko ipo.

Mgeni_Nachingwea

Nimepata flashi, nimemaliza ile ya kwanza ndefu. Simu ile, dada wa Mikindani. Niliisimamisha nikatoka nje.

Swali moja tu. Leland pale mkono wa simu unapomtoka, analia. Alikuwa anajua?

Newala_Juu

Hakujua. Aliyejua alikuwa ndani yake.

Binti_Mikindani

Alijua.

MzeeWaKilwa

Mwanangu, ukifika kwenye filamu tazama meza ya chakula, halafu tazama usiku uleule. Leland anaingia chumbani kwa Laura na machozi, anamwambia anampenda sana. Mtazame uso anapotoka mlangoni. Halafu rudi hapa utuambie wewe umeona nini, maana sisi tumeitazama miaka yote hii na bado hatujapatana.